Mchumba Kachukua Fomu ya Urembo

Safari hii nimerudi kazini na swali nililotoka nalo nyumbani, Mpanda, na ambalo nilishindwa kulijibu palepale.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimia wazee. Jioni moja nikiwa mitaa ya Makanyagio nasubiri chipsi mayai, akaja dogo mmoja ambaye nilimwacha akiwa shule ya msingi. Siku hizi ni mtumishi wa serikali, ana pikipiki yake safi na simu ya maana. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mjini, halafu akavuta kiti karibu na kushusha sauti.

"Braza, wewe si ndo unaandika yale mambo ya mapenzi? Hebu nisaidie. Mchumba wangu kachukua fomu ya shindano la urembo. Mahari nimeshatoa nusu. Bi mkubwa kasikia, kasema yule binti akipanda jukwaani, yeye kwenye harusi haji. Sasa nimwambie achague?"

Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa. Neno hilo "achague" niliwahi kulitamka mimi mwenyewe nikiwa na umri kama wake, na lilinigharimu. Nitalieleza huko mbele. Nilimwomba dogo anipe muda, nikamwahidi jibu kwenye ukurasa huu.

Lakini kabla hatujafika kwa mama mkwe na mahari, hebu turudi nyuma kidogo. Ugomvi huu wa jukwaa la urembo na heshima ya mwanamke haukuanza na binti wa Mpanda. Una umri mkubwa kuliko mimi, kuliko dogo, na pengine kuliko hata bi mkubwa wake.

Taji na Azimio mwaka mmoja

Shindano la Mrembo wa Dunia lilianza London mwaka 1951, likiwa kivutio cha tamasha na mavazi ya kuogelea. Mwanzilishi wake, Eric Morley, alikuwa mtu wa biashara ya burudani, na biashara ikamkubali. Jina la nchi yetu lilifika huko mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, aliyesimama kwa jina hilo London alikuwa Carmen Lesley Woodcock. Uhuru ukaja Desemba 1961.

Baada ya Muungano tukapata mrembo wa Tanzania. Mwaka 1967 Theresa Shayo alitwaa taji la Miss Tanzania, na mwaka huohuo akaenda London kuiwakilisha nchi.

Sasa tazama tarehe vizuri. 1967 ndo mwaka wa Azimio la Arusha. Februari taifa linatangaza ujamaa na kujitegemea, na ndani ya mwaka huohuo binti wa Kitanzania anavishwa taji na kupanda ndege kwenda Ulaya kushindania uzuri. Nchi moja, mwaka mmoja, na picha mbili tofauti kabisa za Mtanzania mpya. Mojawapo ilibidi ipishe njia.

Ikapisha picha ya mrembo. Mwaka 1968 mashindano yakapigwa marufuku. Yalionekana ni utamaduni wa kigeni, yanapima uzuri wetu kwa rula ya Wazungu, na yanamdhalilisha mwanamke.

Oktoba mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU, chini ya mwenyekiti wake Lawi Sijaona, ukatangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969 vilitakiwa vitoweke sketi fupi, mawigi, mikorogo ya kujichubua, suruali za kubana na kaptula fupi. Watu wengine hawakusubiri Januari. Oktoba ileile, Kariakoo, makundi ya vijana wa kiume yaliwashusha wanawake kwenye mabasi na kuwadhalilisha kwa sababu ya nguo walizovaa. Magazeti yakajaa barua za wasomaji, wengine wakiunga mkono, wengine wakipinga. Yaani ule ubishi tunaoufanya leo kwenye simu, baba zetu walishaufanya kwa stempu.

Nisiwe mnafiki. Kwenye orodha ile kulikuwa na jambo la kweli. Mikorogo inaharibu ngozi mpaka leo, na binti kuambiwa kwamba mzuri ni yule anayekaribia weupe ni tusi. Kwa hilo nawaelewa. Kinachonishinda ni namna walivyolifanya. Yule dada aliyeshushwa kwenye basi Kariakoo, nani alimuuliza anakwenda wapi, na nguo ile kaivaa kwa nini? Operesheni nzima ilimhusu yeye, lakini yeye ndo hakuulizwa.

Miaka 27 bila jukwaa

Kuanzia Theresa Shayo mpaka mrembo aliyefuata ni miaka 27. Binti aliyezaliwa siku ile ya 1967 alikua, akasoma, akaolewa na kupata watoto, nchi haina Miss Tanzania.

Mambo yakabadilika polepole. Masharti ya ujamaa yakalegezwa, vyama vingi vikarudi mwaka 1992, na mwaka 1994 vituo binafsi vya televisheni vikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Mwaka huohuo wa 1994, kampuni ya LINO ya Hashim Lundenga, aliyefariki mwaka 2021, ikarudisha shindano. Aina Maeda akatwaa taji na kwenda Sun City, Afrika Kusini, kwenye Miss World. Baada yake wakafuatana Emily Adolf, Shose Sinare, Saida Kessy, Basila Mwanukuzi mwaka 1998 na Hoyce Temu mwaka 1999. Ilipoingia miaka ya 2000, Miss Tanzania ilikuwa usiku ambao mji mzima unaongea kitu kimoja: nani kavaa nini, nani kajibu swali vizuri, nani kabebwa na majaji.

Sisi wa Mpanda tulikuwa mbali na sherehe hiyo. Mpaka mwaka 2012 Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Binti wa kwetu akitaka taji, ilimbidi kwanza ashinde Sumbawanga, zaidi ya kilometa 200, kwa barabara ya vumbi inayokatiza Hifadhi ya Katavi, mbung'o wakimsindikiza ndani ya basi. Akitoka hapo kuna kanda ya Nyanda za Juu Kusini, akutane na wa Mbeya na Iringa, ndipo aione Dar es Salaam. Ukiongeza nauli, viatu virefu na ruhusa ya baba, wengi waliishia kutembea kwa madaha uani kwao.

Magazeti yalikuja na treni ya kutoka Tabora, yakifika habari imeshapoa. Hivyo ndivyo tulivyompata Nancy Sumari. Desemba 2005, huko Sanya, China, Nancy alitinga sita bora ya Miss World na kutangazwa Mrembo wa Dunia kwa upande wa Afrika. Nilikuwa kidato cha pili. Wasichana wa darasa letu waligombania ukurasa wenye picha yake, wakaukata na kuubandika ndani ya kava la daftari. Sisi wavulana tulikaa nyuma, tukatoa hukumu: "Mzuri, lakini yule si wa kuoa." Nani alituambia? Hatukujua. Tuliikuta hukumu hiyo ipo, tukaichukua kama tulivyo.

Walioyabeba mataji

Na hapa ndipo historia inapotuumbua wavulana wa benchi la nyuma.

Happiness Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, ambaye dunia ya mitindo inamjua kama Millen, alijitokeza hadharani kueleza mateso yake ya endometriosisi, ugonjwa wa wanawake unaoleta maumivu makali wakati wa hedhi na unaoweza kuzuia uzazi. Kuna wanawake waliokuwa wakiambiwa wanadeka, wakapata jina la ugonjwa wao kupitia kinywa cha mrembo. Mwaka 2015 BET walimpa tuzo kwa kazi hiyo.

Jokate Mwegelo alikuwa kwenye fainali za mwaka 2006, taji likachukuliwa na Wema Sepetu. Mwaka 2018 Jokate akateuliwa mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, na watu wakamjua kwa kampeni ya kufuta daraja sifuri mashuleni. Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga, alikwenda Mexico mwaka 2007 kwenye Miss Universe akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora, na baadaye akaanzisha taasisi ya kusomesha wasichana. Nancy aliandika kitabu cha watoto. Na Basila, mrembo wa 1998, mwaka 2018 kampuni yake ndiyo iliyochukua uandaaji wa Miss Tanzania. Aliyekuwa anapewa namba sasa akawa anatoa namba.

Usidhani ni miujiza ya kwetu peke yetu. Wafilipino, ambao leo wanapenda mashindano ya urembo kama sisi tunavyopenda Simba na Yanga, walianza mwaka 1908 kwenye tamasha kubwa la jijini Manila, enzi wakitawaliwa na Wamarekani. Mwaka ule walikuwa na malkia wawili, mmoja Mmarekani na mwingine Mfilipino, Pura Villanueva kutoka Iloilo. Miaka miwili kabla ya taji, Pura alikuwa ameshaanzisha chama cha kutetea wanawake, na baada ya taji hakunyamaza. Aliolewa, akawa Pura Villanueva Kalaw, akaendelea kudai wanawake wapige kura. Mwaka 1937 Wafilipino wanawake waliitwa wenyewe kuamua. Zilihitajika kura 300,000 za ndiyo, zikapatikana zaidi ya 447,000. Malkia wa kwanza Mfilipino alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto, na mwanaharakati. Hakuna kimoja kilichokizuia kingine.

Bi mkubwa naye ana hoja

Lakini tusimcheke bi mkubwa. Mzazi anayeogopa mashindano haya hajaota. Wapo waandaaji wa mfukoni wanaokusanya mabinti, wanawaweka kambini, halafu zawadi iliyotangazwa haionekani. Wapo wanaume wanaodhani tiketi ya mstari wa mbele inawapa na namba ya simu ya mshiriki. Kuna yale maneno ya "ukitaka kushinda ujue la kufanya", ambayo dada zetu wanayajua na wengi huyameza kimya.

Hata ngazi ya taifa imepata misukosuko yake. Mwaka 2007 Richa Adhia, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, alitwaa taji na watu wakaanza kubishana kama anafaa kutuwakilisha, kana kwamba uraia unapimwa kwa rangi. Mwaka 2014 mshindi alivua taji baada ya utata wa umri wake, na BASATA wakalisimamisha shindano. Na lile vazi la kuogelea, ambalo wazee wetu walilipigia kelele miaka yote? Miss World wenyewe waliliondoa kwenye shindano lao kuanzia mwaka 2015. Wakati mwingine bibi anakuwa sahihi, dunia ndo inachelewa kumfikia.

Kwa hiyo mama akisema "hapana", nyuma ya neno hilo kuna hofu yenye sababu. Tatizo linakuja pale hofu ya mama inapogeuka amri ya mchumba.

Siku niliyosema "chagua"

Ni mwaka 2012, mwaka uleule Katavi imekuwa mkoa. Niko chuo mwaka wa pili, nasomea mawasiliano. Muhula ule nilikuwa nimeandika insha kuhusu namna vyombo vya habari vinavyomchora mwanamke, mwalimu akanipa maksi nzuri na kuisoma mbele ya darasa. Nikajiona mtetezi wa akina dada.

Likizo nikarudi nyumbani. Binti niliyekuwa naye, msichana wa palepale Mpanda, mrefu, mcheshi, akaniambia amefuatwa ajiunge na shindano la urembo na fomu anayo. Alikuwa anacheka akinieleza. Unajua nilimjibu nini, mimi mtetezi? "Chagua. Mimi au jukwaa."

Akaacha kucheka. Akasema, "Sawa." Fomu hakuirudisha. Nikajiona mwanaume. Jioni nikawasimulia washikaji, wakanipongeza.

Tulidumu miezi minane. Hakukuwa na ugomvi mkubwa. Alipunguza kunieleza mambo yake, mpaka siku moja nikagundua kwamba habari zake nazisikia kwa watu. Kasafiri, sijui. Kaomba kazi, sijui. Kisha akaniaga kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Miaka kadhaa baadaye, yeye akiwa kwake na mimi nina maisha yangu, tulikutana kwenye msiba. Nikamuuliza kama ilikuwa ni ile fomu. Akaniambia taji wala hakulitaka sana, alijua hawezi kushinda. Alikuwa muoga wa kuongea mbele za watu na alitaka kujijaribu mara moja. Halafu akasema maneno ambayo nayakumbuka yote: "Siku ile hukuniuliza nataka nini. Uliniuliza nitamwacha nani. Nikajua nikikueleza jambo lolote, utanipa mtihani."

Sikuwa na la kujibu. Wale vijana wa Kariakoo nimewasoma kwenye vitabu na kuwalaumu sana, lakini siku ile nami nilimshusha mtu kwenye basi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilisema nampenda.

Haya, dogo, jibu lako

Kwanza, futa neno "achague". Mahari uliyotoa haikununua kauli ya mtu. Ukiifanya mahari iwe kamba leo kwa sababu ya jukwaa, kesho itakuwa kamba kwa sababu ya kazi, keshokutwa kwa sababu ya masomo.

Pili, muulize, halafu nyamaza umsikilize. Anatafuta nini huko? Anataka pesa, anataka kujulikana, anataka kujiamini, au anataka tu kuona mji mwingine? Kila jibu lina mazungumzo yake. Inawezekana kabisa akikueleza, wote wawili mkaona kuna njia nyingine ya kukipata anachokitafuta. Inawezekana pia ukaona kwamba njia ni hiyohiyo.

Tatu, ichukueni fomu muisome pamoja, mstari kwa mstari. Mwandaaji ni nani, na aliwahi kuandaa nini? Ana kibali? Mwulizeni ofisa utamaduni wa halmashauri, ndo kazi yake. Kambi iko wapi, na nani mlezi wa mabinti? Yapo mavazi gani, na mshiriki ana haki ya kukataa? Akishinda, anafungwa na mkataba wa muda gani? Zawadi inatolewa lini? Mwandaaji akikasirika kwa kuulizwa, mmeshapata jibu, na hapo mchumba wako mwenyewe atajua la kufanya bila wewe kupandisha sauti.

Nne, bi mkubwa ni mzigo wako. Usimtume binti wa watu akajieleze kwa mama yako. Nenda wewe, kaa naye chini, mwambie, "Mama, unaogopa nini hasa?" Akitaja waandaaji matapeli, mweleze mlichokiuliza. Akitaja maneno ya mtaani, mweleze kwamba Makanyagio itaongea hata mkifunga ndoa kimyakimya. Na ukiwa na jambo linalokuuma wewe mwenyewe, mfano wivu, liseme kwa jina lake. "Naona wivu" ni neno la mtu mzima. Kujificha nyuma ya mama ndo utoto.

Na wewe dada uliyechukua fomu, nina neno kwako pia. Mwenzio asiisikie habari hii kwa wauza vocha. Mwambie wewe, mapema, kabla picha yako haijasambaa kwenye magrupu. Mipaka yako iweke kabla hujaingia kambini, na mtu akikwambia taji lina bei nyingine zaidi ya ile iliyoandikwa, ondoka siku hiyohiyo na useme. Mwenzio naye akikataa hata kukusikiliza, shukuru umelijua hilo nusu ya mahari ikiwa bado haijatolewa.

Juzi dogo kanitumia ujumbe: "Braza, nimemuuliza. Tumeongea mpaka saa saba usiku. Kumbe kuna mambo mengi nilikuwa sijui." Walichoamua hakuniambia, nami sikumchimba. Bi mkubwa bado amenuna, ila kakubali kuonana na binti Jumapili baada ya kanisa.

Wewe je, mpenzi msomaji? Umewahi kuambiwa uchague, au wewe ndiye uliyesema? Niandikie, nitachapa yale yatakayowasaidia wengine, na jina lako nitalihifadhi. Mpaka toleo lijalo, pendaneni, na muulizane.